Nimechoka, na maombi yenyewe yamekuwa kazi

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja ningekuwa miongoni mwa wanaokuandikia, kwa sababu kwa kawaida mimi ndiye ambaye wengine humjia na shida zao. Nina umri wa miaka 39, ni mwalimu wa shule ya msingi, mke, na mama wa watoto wawili. Kanisani naongoza kwaya, natunza fedha za kikundi cha akina mama, na kila Jumamosi nawafundisha watoto somo la Biblia. Tangu mwaka jana ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye alipata kiharusi na hawezi kusimama bila kushikwa. Mume wangu ni mwema na hunisaidia anapokuwepo, lakini kazi yake humweka mbali na nyumbani wiki mbili katika kila mwezi. Mdogo wangu wa kiume anaishi karibu, ila sijawahi kumwachia mama hata usiku mmoja, kwa kuwa najua hatamgeuza kitandani inavyopaswa, na nisipofanya mimi, nani atafanya?

Sikuandikii ili kuyalalamikia majukumu haya. Niliyapokea kwa furaha, na mengi kati yake niliyaomba mwenyewe. Kinachonitisha ni kwamba uchovu umeingia mahali ambapo nilidhani hauwezi kufika. Zamani mwili ulipochoka nilikwenda kwenye maombi, nikarudi nikiwa na nguvu. Siku hizi nakwenda nimechoka na kurudi nimechoka zaidi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nikiongoza sala ya kufungua ibada, nikaisikia sauti yangu kana kwamba inatoka kwenye redio ya jirani: maneno yote yalikuwa sahihi, watu wakaitikia amina, lakini ndani yangu hapakuwa na mtu.

Jambo lililonifanya nikuandikie lilitokea Alhamisi usiku. Nilikuwa nikiosha vikombe, ukaingia ujumbe kwenye simu, nikauchungulia bila kuigusa: ulitoka katika kikundi chetu, ukituomba tujiandikishe kwa mkesha wa Ijumaa. Sijui ilikuwaje, nilijikuta nimeketi sakafuni, povu la sabuni likiwa bado mikononi, nikilia bila kujua ninalilia nini. Nililia labda dakika 10. Kisha nikafuta mikono kwenye gauni, nikaichukua simu, nikaandika, “Amina, nitakuwepo.” Nisingeweza kuandika vinginevyo, maana mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo, na nisipofanya mimi, nani atafanya?

Nimejaribu kujitibu. Nilifunga siku tatu. Niliongeza saa moja ya maombi alfajiri, kuanzia saa kumi. Nilianza pia mpango wa kuisoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, lakini nimebaki nyuma kwa siku 41, na kila nikifungua daftari nililochora visanduku vya kutia alama, naviona vile vitupu vikinitazama kama madeni. Nikipiga magoti usiku nasinzia kabla sijamaliza kuwataja watoto wangu. Wakati mwingine natamani nilale tu nisiamke, ingawa najua haifai mwamini kusema hivyo.

Rafiki mmoja alinishauri nipunguze huduma. Mwingine, ambaye ninamheshimu sana, alisema uchovu wa namna hii ni shambulio la adui na dawa yake ni kuongeza bidii. Yesu alisema atawapumzisha wote wanaolemewa na mizigo. Mimi nimekwenda kwake, tena kwa magoti, mbona sipumziki? Je, nikiacha baadhi ya huduma nitakuwa nimemwacha Mungu? Na haya maombi ninayoyasinzilia, yanahesabika?

Aliyechoka

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Umeandika kwamba wakati mwingine unatamani ulale usiamke, kisha ukajikemea na kupita. Mimi sitapita. Maneno hayo naomba umwambie mumeo leo, awe nyumbani au awe safarini, na wiki hii hii umwone daktari umwambie vivyo hivyo, bila kuyapamba. Uchovu usioisha hata baada ya kulala unaweza kuwa umetokana na upungufu wa damu, na tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, na kisukari, au na sonona, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondolewa kwa kufunga siku tatu. Ikiwa huzuni, au hali ya kutofurahia chochote, imekushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mtajie daktari muda huo, kwa maana ni mojawapo ya vipimo wanavyovitumia wanapochunguza sonona. Na ikitokea fikra hiyo ikavuka kutoka kutamani hadi kupanga, usingoje siku ya miadi: mwamshe mtu, mwende hospitali usiku huo huo.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliutaja uchovu mkuu wa kazini kuwa hali inayoletwa na mkazo wa muda mrefu usioshughulikiwa, ingawa halikuuita ugonjwa. Lilitaja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni, na kuona kwamba ufanyalo halizai kitu. Waliandika hayo kwa ajili ya kazi za ajira, lakini niliposoma kwamba ndani yako hapakuwa na mtu wakati midomo ikiomba, niliitambua sura ya pili mara moja.

Sasa nirudi kwenye hofu yako kwamba haifai mwamini kusema hivyo. Aliyeyasema hayo kabla yako alikuwa nabii. Eliya alisimama mlimani Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, moto ukashuka, mvua ikarudi, naye akakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Baada ya hapo, kwa ujumbe mmoja tu wa vitisho kutoka kwa Yezebeli, mke wa Ahabu, mtu huyo huyo alikimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima akiwa peke yake, akaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu kwamba yatosha, amwondolee roho yake. Katika habari hiyo mimi hukitazama sana kile kitendo cha kumwacha mtumishi. Aliyechoka kupita kiasi humfukuza kwanza yule ambaye angemchukulia mfuko.

Ukitazama yaliyofuata, utaona Mungu hakumjibu kwa mahubiri. Eliya alilala. Malaika akamgusa, akamwambia, “Inuka, ule,” na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, wala malaika hakumkemea kwa kulala mara ya pili. Alimwacha mpaka alipomgusa tena na kumwambia ale, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mpaka hapo nabii hajaulizwa habari za imani yake, hajaambiwa aombe, hajapewa hata neno moja la kinabii. Usingizi, mkate, maji, usingizi, mkate. Ile sauti ndogo ya utulivu, ambayo tunapenda kuihubiri kana kwamba ndiyo mwanzo wa habari, ilimjia baada ya siku 40 za mwendo hadi mlima Horebu, akiwa ameshashiba na kulala. Wewe uliongeza saa moja ya maombi alfajiri kwa kuikata kutoka katika usingizi ambao ulikuwa haba tayari, na nakusihi uirudishe saa hiyo kitandani kuanzia kesho. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa usiku, na mzaburi alipoandika katika Zaburi ya 127 kwamba Bwana humpa mpenzi wake usingizi, alikuwa akizungumza na watu wanaoamka mapema na kukawia kulala, wakidhani nyumba inasimama kwa sababu wao wako macho.

Huko Horebu, Mungu alimuuliza Eliya mara mbili, “Unafanya nini hapa, Eliya?” na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile, neno kwa neno, kama la mtu aliyelirudia njia nzima: nimeona wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, na mimi peke yangu nimesalia. Lakini haikuwa kweli, na Eliya alijua. Kabla ya Karmeli, Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba amewaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akiwalisha chakula na maji. Eliya aliyasikia hayo, na bado akapanda mlimani akitangaza kwamba amesalia peke yake. Mungu alimjibu kwa hesabu: wako 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti. Kisha akamtuma kuwatia mafuta Hazaeli, Yehu, na Elisha atakayeshika nafasi yake. Ukiendelea kusoma hadi Wafalme wa Pili utaona kwamba, kati ya hayo matatu, Eliya mwenyewe alitimiza la Elisha tu. Habari ya Hazaeli ilikamilishwa na Elisha, na Yehu alitiwa mafuta na kijana mmoja wa wana wa manabii ambaye hata jina lake hatulijui.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu sentensi ile ya Eliya imo katika barua yako mara mbili, kwa maneno yako: nisipofanya mimi, nani atafanya? Uliandika kama anayeuliza, lakini hukungoja jibu. Jibu lipo: mdogo wako atafanya, na mara ya kwanza atafanya vibaya. Kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi ni jambo linalofundishika kwa jioni moja, wewe ukiwa umesimama pembeni na mikono yako nyuma, ukijizuia kumpokonya shuka. Mwite kwa wiki mbili mfululizo akuone ukifanya, kisha umwachie usiku mmoja. Tena yule ni mama yake pia, naye mama hajaulizwa kama angependa kuguswa na mikono ya mwanawe kabla hajafa. Nisamehe ukali huo, lakini kuna wema wa namna fulani ambao huwafungia wengine mlango wasipate kutenda wema, nami nimeuona kwangu mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyouona kwa watu.

Vivyo hivyo kwa mkesha. Ijumaa ijayo usiende. Kutakuwa na kimya kirefu kidogo, mtu ataanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, watafika kwenye kiitikio washindwe, watacheka, wataanza upya. Hilo halitamhuzunisha Mungu.

Uliuliza mbona umekwenda kwa Yesu na hukupumzika. Hebu tuyasome maneno yake yote katika Mathayo 11, kwa sababu mara nyingi tunakatia katikati. Baada ya kusema, “Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha,” anaendelea, “Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu.” Nira ni chombo cha kazi, huwekwa shingoni mwa ng'ombe walimao. Kwa hiyo hakuahidi maisha yasiyo na kazi yoyote, na ndiyo maana sidhani kwamba dawa yako ni kuacha kila kitu. Anasema nira yake ni laini, na neno la Kigiriki lililo nyuma ya hilo linabeba pia maana ya wema na ya kufaa, kama chombo kilichochongwa kimtoshe anayekivaa. Nira isiyotosha huchubua shingo hata kama gari halina mzigo. Katika sura ya 23 ya kitabu hicho hicho cha Mathayo, Yesu anawashutumu viongozi wa dini wanaofunga mizigo mizito na kuitwika mabegani mwa watu bila kuigusa wao kwa kidole. Ina maana wengi wa wale waliolemewa, aliokuwa akiwaita, walikuwa wamelemewa na dini. Na mara baada ya mwaliko ule, katika sura ya 12, tunamwona akiwatetea wanafunzi wenye njaa waliovunja masuke siku ya sabato, kisha akimponya mtu mwenye mkono uliopooza, hilo nalo siku ya sabato. Sidhani Mathayo aliyapanga hivyo kwa bahati.

Maneno “nanyi mtapata raha nafsini mwenu” hayakuanza na Yesu. Yamo katika Yeremia 6:16, ambapo Mungu anawaambia watu wasimame njiani, waulize mapito ya zamani, waiendee njia iliyo njema, wapate raha. Na mstari huo unamalizika kwa jibu la watu wenyewe, kwamba hawataki kwenda katika njia hiyo. Kwa muda mrefu jibu hilo lilinishangaza, mpaka nilipojiona mwenyewe nikilitoa. Kupumzika kunadai kukubali kwamba shule, kwaya, na hata mama yako walikuwa mikononi mwa Mungu kabla hujazaliwa na watabaki humo utakapolala, na hilo ni gumu zaidi kuliko kukesha, kwa sababu anayekesha angalau anajiona anafanya kitu.

Basi chukua karatasi uandike kila jukumu lako, na mbele ya kila moja ujiulize ni nani aliyelitia shingoni mwako. Mama, watoto, mume, na darasa lako la shule sitavigusa. Kwaya unaipenda, nimeliona hilo kwa jinsi ulivyoitaja kwanza. Fedha za kikundi cha akina mama, nadhani, ulizipokea kwa sababu kikao kilinyamaza na wewe huvumilii kimya. Mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka hakuna aliyekuamuru. Kurasa zile zenye visanduku zichane, uanze tena na Zaburi moja fupi kwa siku bila kuweka alama popote. Hilo nalisema bila kusitasita hata kidogo, maana sikumbuki mahali ambapo Maandiko yalimdai mtu siku 41.

Najua rafiki yako unayemheshimu ataona kwamba nakufundisha uvivu. Uvivu wa kiroho upo, na Wakristo wa kale waliujua vizuri. Evagrio wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399, aliuita pepo wa adhuhuri: humfanya mtawa achungulie dirishani kuona kama jua limesogea, aichukie kazi ya mikono yake na atamani kuwa mahali pengine. Lakini ugonjwa huo humtoa mtu kwenye wajibu wake, ilhali wewe umekwama ndani ya wajibu na huwezi kutoka hata dakika 10 za kulia bila kujibu ujumbe. Watawa hao hao husimulia habari ya Antoni Mkuu, aliyefariki mwaka 356. Mwindaji mmoja alimkuta akicheka na ndugu zake, akakwazika. Antoni akamwambia avute upinde wake atupe mshale, akatupa. Avute tena, akavuta. Avute zaidi, na yule mwindaji akasema kwamba akiuvuta kupita kiasi utavunjika. Antoni akamjibu kwamba ndivyo ilivyo hata kwa kazi ya Mungu.

Kuhusu siku ya mapumziko, Jumapili yako haikufai, kwa kuwa ndiyo siku yako ya kazi nyingi kuliko zote. Sitaingia katika mabishano ya Wakristo juu ya siku gani iadhimishwe. Nataka uone sababu tu. Amri ya sabato imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu yake ni kwamba Mungu mwenyewe alistarehe baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri, kwa hiyo mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Mtumwa hana ruhusa ya kuketi. Anayeweza kuketi, kazi ikiwa bado ipo, ameonyesha kwamba Farao si bwana wake tena. Na kumbuka wale waliotoka siku ya saba kutafuta mana ingawa walikuwa wameambiwa haitakuwepo. Walizunguka, wakarudi mikono mitupu. Nakuomba utafute nusu siku moja katika juma, iwe ile ile kila juma kadiri inavyowezekana, ambayo simu itakaa katika chumba kingine na mdogo wako au mumeo atakaa na mama.

Zipo siku ambazo nusu siku hiyo itavunjika, kwa maana ugonjwa wa mama hauahirishwi. Hapo ukumbuke Marko 6, Yesu alipowaambia wanafunzi waende kwa faragha wakapumzike kidogo, kwa sababu hawakuwa na nafasi hata ya kula. Walipofika ng'ambo umati ulikuwa umewatangulia. Yesu hakuwafukuza watu. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Lakini mapumziko yale hakuyafuta: jioni hiyo hiyo aliwatanguliza wanafunzi chomboni, akauaga umati, akapanda mlimani peke yake kuomba. Yaliyocheleweshwa aliyarudia siku ile ile.

Kwa mchungaji wako usiende na barua ndefu ya kujitetea. Mwambie, “Mchungaji, nimechoka kupita kiasi, na kwa miezi mitatu naomba niache fedha za akina mama na darasa la Jumamosi, kwaya nitabaki nayo pamoja na msaidizi.” Kisha nyamaza. Akikuuliza nani atachukua nafasi hizo, usilijibu swali hilo, hata kama jina la mtu liko kwenye ncha ya ulimi wako. Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, alimwambia kwamba hilo afanyalo si jema, kwamba ni zito mno kwake, na kwamba atajichosha yeye pamoja na watu wenyewe. Waliokuwa wakisimama foleni kutwa nzima walichoka pia, ingawa Musa hakuwa amewafikiria.

Limebaki swali la maombi unayoyasinzilia. Usiku ule wa Gethsemane, Luka anaeleza jambo ambalo waandishi wengine hawakulitaja, kwamba Yesu aliwakuta wanafunzi wamelala kwa huzuni. Aliwaamsha na kuwaambia waombe, hilo ni kweli, lakini ndiye pia aliyesema kwamba roho i radhi ingawa mwili ni dhaifu, na hakuwafukuza katika idadi ya watu wake. Paulo anaandika katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, naye Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo acha kupiga magoti usiku kwa sasa. Omba ukiwa umelala, taa imezimwa, kwa mstari mmoja wa Zaburi 4:8: “Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara, maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama.” Usipoumaliza, vema.

Nilipokuwa na umri kama wako nilizika watu wawili kwa siku moja, kisha jioni nikaenda kumwombea bibi mmoja mgonjwa, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi na sikutaka aone kwamba nimemsahau. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamshika mkono, nikaanza, “Baba yetu uliye mbinguni,” na hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka. Nilipozinduka chumba kilikuwa na giza, shuka yake ilikuwa mabegani mwangu, na mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu. Hakuwa ameutoa muda wote huo asije akaniamsha. Nikaanza kuomba radhi, aibu imenijaa. Akaniambia sala alishaimalizia yeye, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula.